Faneli ya Kujazia Rejeta, Dawa ya Kusafishia na Kulanti: Tathmini Baada ya Kusuuza Injini Nyumbani

Kumwaga maji ya rejeta ni kazi ya dakika kumi, na mtu yeyote mwenye beseni na koleo anaweza kuifanya. Kazi yenyewe huanza pale mfumo unapokuwa mtupu na ikakubidi kuujaza tena pasipo kuacha hewa ndani yake, kwa kuwa njia za maji ndani ya injini hupanda, hushuka na kupinda, na hewa ikishajificha kwenye kona ya juu ya silinda hedi au ndani ya hita, haitoki kwa kubembelezwa. Kwa sababu hiyo nilinunua seti ya faneli ya kujazia rejeta, ile inayofungwa mahali pa kifuniko na kukaa hapo injini ikiwa inanguruma, na siku hiyohiyo nikanunua pia chupa ya dawa ya kusafishia rejeta pamoja na kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, isiyochanganywa na maji. Niseme mapema kwamba faneli ilistahili fedha yake, kulanti ilinifaa kwa sababu nitakayoieleza, na dawa ningeweza kuiacha dukani bila kupoteza chochote.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeifanya kazi hii kwa faneli ya kawaida ya kumiminia mafuta. Nilijaza mpaka maji yakaonekana mdomoni mwa rejeta, nikafunga kifuniko na kuondoka nikiamini kwamba nimemaliza. Haukupita muda hita ikaanza kupuliza hewa baridi, ilhali mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umeshavuka katikati na bado unapanda. Dalili hizo mbili zikitokea kwa pamoja hazina tafsiri nyingi, kwani hita hupata joto lake kutoka kwa maji yaleyale yanayopoza injini. Injini ikiwa moto na hita ikawa baridi, basi maji hayaifikii hita, na mara nyingi kinachoyazuia ni hewa, au maji yenyewe yamepungua. Nilizima injini, nikangoja zaidi ya saa moja, na nilipofungua kifuniko nilikuta nafasi ya lita moja na nusu iko wazi. Nafasi hiyo ndiyo niliyoiona imejaa nilipokuwa nikifunga. Silinda hedi ya alumini ikipata joto la namna hiyo kwa muda mrefu hupinda, gasketi yake ikaungua, na gharama ya matengenezo hayo haiwezi kulinganishwa na bei ya kipande cha plastiki.

Seti niliyonunua ina faneli moja pana na nyeupe inayopitisha mwanga, yenye ujazo wa kama lita moja na nusu, adapta tano za kufunga kwenye midomo ya rejeta za aina mbalimbali, kiungo kimoja kilichopinda kwa ajili ya rejeta ambayo mdomo wake umelala upande, kipande cha kurefushia, na kijiti chenye kizibo cha mpira. Kanuni yake ni nyepesi. Faneli ikishafungwa, uso wa maji ndani yake unakuwa juu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mfumo, hivyo hewa inayosukumwa na pampu ya maji hupata njia ya kupanda na kutokea humo, na maji hushuka kuchukua nafasi yake. Injini inapopata joto na maji kutanuka, yanayozidi hupanda ndani ya faneli badala ya kumwagika juu ya mikanda na waya. Faneli ya kawaida haiwezi kufanya hayo, kwa sababu haishikamani na rejeta, na ukiacha mdomo wazi injini ikiwaka, maji hukurukia.

Nilianza asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Jambo hili halina msamaha. Kifuniko cha rejeta ya gari langu kimeandikwa 1.1, maana yake hushikilia shinikizo la bar 1.1 juu ya lile la hewa ya kawaida, na chini ya shinikizo hilo hata maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzijoto 120. Anayefungua kifuniko injini ikiwa moto anaondoa shinikizo hilo ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia katika nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni. Katika magari mengi feni ya umeme nayo inaweza kujiwasha yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa hiyo mikono haina ruhusa ya kukaa karibu na mapanga yake wakati injini ingali na joto.

Koki ya kumwagia chini ya rejeta ni ya plastiki, na niliifungua kwa vidole, si kwa koleo, kwa sababu plastiki iliyokaa miaka karibu na moto hukatika kama biskuti. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ingawa nilipokijaza kilikuwa cha kijani. Nilikipima kwa jagi lenye alama nikapata lita 3.2, wakati kitabu cha gari kinasema mfumo mzima unabeba lita 6.2. Hesabu hiyo ndogo ndiyo msingi wa mengine yote, na nashangaa jinsi inavyosahaulika: karibu nusu ya maji hubaki ndani ya bloku na hita hata rejeta ikiwa kavu kabisa. Injini nyingine zina boliti ya kumwagia kwenye bloku; yangu imejificha nyuma ya bomba la moshi, na boliti ambayo haijaguswa tangu kiwandani sikuona sababu ya kuichokoza.

Dawa ya kusafishia ndiyo iliyofuata. Maelekezo yake yalitaka nimimine chupa nzima, nijaze maji, niwashe injini hita ikiwa kwenye joto la juu kabisa, ningoje dakika 15, kisha nimwage. Nilifuata neno kwa neno. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya udongo na chembechembe kidogo chini ya beseni, nami nikaridhika kwa dakika chache, mpaka niliposuuza mara ya pili kwa maji matupu na kupata maji yenye rangi ileile na chembe zilezile. Isitoshe, dawa iliacha povu ambalo lilinilazimu kuongeza mizunguko miwili ya kusuuza, kwani haifai kubaki ndani na kuchanganyika na kulanti mpya.

Sisemi dawa hizi ni udanganyifu. Zile zenye asidi hafifu, mfano wa asidi ya limau ambayo watu huitumia kutoa ukoko wa chokaa kwenye birika, huyeyusha chokaa na kutu kweli. Suala ni kama chokaa na kutu vipo. Gari lililojazwa maji ya bomba kwa miaka mingi, hasa maji magumu yenye kalisi na magnesi, huwa na ukoko unaozuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji, na hapo dawa ina kazi ya kufanya. Gari lililotumia kulanti tangu mwanzo, ambalo kosa lake ni kulanti kuzeeka tu, linahitaji maji safi na subira. Na rejeta iliyozibika kabisa haifunguliwi na chupa moja, kwa kuwa dawa haipiti mahali ambapo maji hayapiti. Kuna na upande mwingine ambao maandishi ya chupa hayautaji: katika rejeta kuukuu, ukoko wakati mwingine ndio unaoziba vitundu vilivyoliwa na kutu, na ukiuondoa unagundua uvujaji uliokuwa umefichika. Anayeona utelezi wa mafuta au uji wa rangi ya kahawa ya maziwa ndani ya rejeta asinunue dawa hata kidogo. Aanze kwa kuchunguza gasketi ya silinda hedi, au kipozea mafuta ya giaboksi ikiwa kimo ndani ya rejeta.

Kusuuza kwenyewe kulinichukua sehemu kubwa ya siku. Thamostati hufungua njia ya rejeta pale tu maji yanapofikia joto lake, ambalo katika magari mengi ni kati ya nyuzi 82 na 88 au juu kidogo, hivyo kila mzunguko sharti injini ipate moto, mpira wa juu wa rejeta upate joto, kisha na wa chini ufuate, ndipo ujue kwamba maji ya bloku yamechanganyika na yale ya rejeta. Baada ya hapo injini izimwe na ipoe kabla ya kumwaga, maana kumimina maji baridi kwenye injini ya moto ni kualika ufa. Kwa kuwa kila mara karibu nusu hubaki, mzunguko wa kwanza huacha nusu ya uchafu, wa pili robo, wa tatu sehemu moja ya nane, na wa nne sehemu moja ya kumi na sita. Nilifanya mizunguko minne baada ya ule wa dawa, miwili kwa maji ya bomba na miwili ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, na maji ya mwisho yalitoka meupe kiasi cha kuona alama za chini ya jagi. Katika kununua maji hayo mtu awe macho, kwa sababu mara nyingi huitwa maji ya betri, na jina hilo watu hulitumia kwa vitu viwili, na kimojawapo ni asidi.

Sasa kulanti. Dukani zilikuwapo za aina mbili: iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu na maji, na isiyochanganywa. Iliyochanganywa hupendwa kwa sababu haihitaji kufikiri, na kwa anayeongeza kiasi kidogo tu kwenye chupa ya akiba ni chaguo sahihi kabisa. Kwa aliyesuuza mfumo kwa maji, hata hivyo, ni mtego. Lita tatu za maji matupu zilikuwa zimebaki ndani ya bloku ya gari langu. Kama ningemimina lita 3.2 za kulanti iliyochanganywa, ambazo ndani yake kulanti halisi ni lita 1.6, mfumo mzima ungeishia na kulanti robo tu, na kemikali za kuzuia kutu nazo zingekuwa nusu ya kiasi kinachotakiwa. Kwa kulanti isiyochanganywa nilimimina lita 3.1, nikajaza pengo lililobaki kwa maji yaliyokenekwa, na mchanganyiko ukawa nusu kwa nusu bila kubahatisha. Mchanganyiko wa namna hiyo wa ethilini glaikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti nyingi, haugandi mpaka baridi ifikie takribani nyuzi 37 chini ya sifuri. Wanaodhani kwamba kulanti tupu isiyo na maji italinda zaidi wanakosea, kwani ikiwa peke yake huganda mapema zaidi, karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na hubeba joto kidogo kuliko maji.

Rangi sikuitazama kabisa. Hakuna utaratibu mmoja unaowafunga watengenezaji kuhusu rangi, na kulanti mbili za rangi ya waridi zinaweza kuwa na kemikali tofauti, ambapo moja ina fosfati bila silikati na nyingine ina silikati bila fosfati. Kuzichanganya hupunguza umri wa zote mbili, na baadhi ya michanganyiko huganda kama uji mzito na kuziba vijia vya hita. Nilisoma kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari, nikatafuta chupa iliyoandikwa kiwango hichohicho, na mazungumzo ya rangi nikamwachia muuzaji.

Nilipofika kwenye kujaza, faneli ilinipa kasoro yake kubwa kabla ya kunionyesha uzuri wake. Adapta hazina alama yoyote inayosema ipi ni ya mdomo wa aina gani, wala hakuna karatasi ya maelezo, na ile iliyokubali kuingia kwenye rejeta yangu ilifunga vizuri kwa macho lakini ikaanza kudondosha tone baada ya tone mara injini ilipowaka. Nilizima, nikaitoa na kuipitisha kidole. Pete yake ya mpira ilikuwa na mshono uliobaki kutoka kwenye kalibu, mwembamba kama uzi, na maji yalikuwa yakipita hapohapo. Kwa bahati nilikuwa bado nimehifadhi kifuniko cha zamani cha rejeta, pete yake ikalingana, nikaihamisha, na udondoshaji ukaisha. Mtengenezaji anayeuza kifaa ambacho kazi yake yote ni kutovuja angeweza kuikagua pete hiyo kabla ya kuifunga kwenye sanduku.

Baada ya hapo sikuwa na lalamiko. Nilipandisha pua ya gari kwa jeki, nikaiweka juu ya stendi na kuweka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, ili mdomo wa rejeta uwe juu zaidi. Nilijaza faneli hadi theluthi moja kwa mchanganyiko wa ziada niliokuwa nimeutayarisha pembeni, maana maji yanayosimama ndani ya faneli hayamo katika hesabu ya lita 6.2. Hita ikawekwa kwenye joto la juu, injini ikawashwa. Kwa dakika kama nane hapakuwa na kitu isipokuwa viputo vidogo vilivyofuatana kimoja kimoja. Kisha thamostati ikafunguka, na faneli ikameza: maji yalishuka ghafla kwa upana wa vidole vinne, kimya kikafuata, halafu kiputo kimoja kikubwa kikapanda na kupasuka kwa sauti ya chungu cha uji, kikifuatwa na vingine vitatu. Kama faneli hii ingekuwa ya kawaida, hewa hiyo ingebaki ndani na mimi ningekuwa nimeshafunga kifuniko. Nilibinya mpira wa juu mara kadhaa nikiwa nimeufunga kwa kitambaa kinene, na kila nilipoubinya viputo vingine viwili vitatu vilitoka. Niliiacha injini mpaka feni ilipojiwasha na kuzima mara mbili na viputo vikakoma kabisa. Kwa jumla zilipita dakika 25. Hita ilikuwa ikipuliza hewa ya moto isiyokatika.

Kijiti chenye kizibo kinatumika mwishoni, injini ikishapoa: unakishindilia kwenye shingo ya faneli, unaing'oa faneli pamoja na maji yaliyomo, unayarudisha kwenye chombo. Kilifanya kazi, ingawa kama kijiko kimoja kilimwagika kwenye adapta. Kijiko hicho nilikifuta mara moja. Ethilini glaikoli ina ladha tamu inayowavuta mbwa na watoto, na kiasi kidogo tu hutosha kuharibu figo na kuua. Uchafu wote uliotoka nilikuwa nimeuweka kwenye madumu yenye kifuniko, nikayaandika kilichomo, nikayapeleka mahali panapopokea kemikali chakavu za magari. Kuumwaga kwenye mtaro au kwenye udongo hakukuwa miongoni mwa chaguo.

Asubuhi iliyofuata chupa ya akiba ilikuwa imepungua upana wa kidole, nikaongeza mililita 200 za mchanganyiko. Asubuhi ya pili na ya tatu haikupungua. Baada ya siku kadhaa za kuendesha nilichota tone na kulipima kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha kulanti itaganda kwa baridi kiasi gani, nikasoma nyuzi 36 chini ya sifuri, jambo lililoonyesha kwamba hesabu ya lita ilikuwa sahihi.

Wapo watakaouliza kuhusu kifaa kingine, kile kinachofyonza hewa yote kutoka kwenye mfumo kwanza na kisha kuuacha uvute kulanti wenyewe. Nimewahi kukitumia, na ni bora kuliko faneli: hujaza kwa dakika chache, na mshale wa geji yake ukirudi nyuma wakati umefunga kila kitu, unajua mfumo unavuja kabla hujamimina hata tone. Lakini kinahitaji kompresa ya hewa, na kwa gari moja linalobadilishwa maji mara moja katika miaka kadhaa, ni kutumia shoka kuulia mbu. Ninachokubali ni kwamba kwa baadhi ya magari mseto, yanayotumia injini na mota ya umeme, yenye mzunguko wa pili wa kupoza vifaa vya umeme na pampu inayoendeshwa kwa umeme, faneli peke yake haitoshi, kwa sababu pampu hiyo inaweza kuhitaji kuamriwa kwa kompyuta ili izungushe maji.

Kwa ujumla wake naipa faneli alama nne kati ya tano, na ile moja imepotelea kwenye pete ya mpira na adapta zisizo na alama. Kulanti isiyochanganywa naipa tano. Dawa naipa mbili, na hizo ni kwa heshima ya gari lenye ukoko ambalo si langu. Mwenye gari ambalo kifuniko chake kiko kwenye tangi la akiba lenye shinikizo, si kwenye rejeta, atambue kwamba katika adapta tano za seti hii ni mbili tu zenye nyuzi za kuzungusha, na upana wake unatofautiana kutoka gari moja hadi jingine. Ajaribu kuzifunga zote kwenye gari lake, na kuzimiminia maji kidogo aone kama zinadondosha, kabla hajaigusa koki ya kumwagia.